Sikio Halilali na Njaa: Waya wa Kuanikia Nguo katika Historia ya Redio Jijini Kigali

Utangulizi

Kila inapotajwa historia ya Kiswahili nchini Rwanda, wasomaji wa jarida letu wamezoea kusoma habari za vitabu, kamusi na mitaala. Makala haya yanapita njia nyingine. Yanazungumzia waya. Ni waya wa antena ya redio uliotengenezwa nyumbani, ukatundikwa nje mbele ya macho ya watu wote, na bado usionekane kwa kuwa ulivikwa mashati na kanga.

Hoja yangu ni kwamba kwa baadhi yetu tuliokulia Kigali, waya huo ulikuwa darasa la Kiswahili kabla hatujaingia darasani. Aidha, sababu iliyoufanya ufichwe inatufundisha jambo ambalo mwalimu wa lugha hana budi kulijua, nalo ni kwamba kusikiliza ni stadi yenye gharama yake, na kuna nyakati ambapo gharama hiyo ilikuwa maisha ya mtu.

Neno lenyewe

Kwa kuwa sisi ni watu wa lugha, tuanze na neno. Antena limetoka katika Kilatini, ambako lilimaanisha mti wa kufungia tanga la chombo. Mabaharia wa pwani yetu wanao mti huo tangu zama za kale na wanauita foromali. Wataalamu wa Ulaya walilichukua neno hilo wakaliita pembe za mdudu za kupapasia, na mwishoni mwa karne ya 19, mawasiliano yasiyotumia waya yalipogunduliwa, likahamia kwenye waya unaonasa mawimbi ya hewani. Katika Kigali wengi tulilipata kupitia Kifaransa, wakati ndugu zetu wa Dar es Salaam na Nairobi walilipata kupitia Kiingereza.

Picha ya foromali inafaa kukumbukwa. Tanga hunasa upepo ambao hakuna auonaye, na waya hunasa sauti ambayo hakuna aionaye. Tofauti ni kwamba tanga haliwezi kufichwa, ilhali waya unaweza.

Kilima cha Kinyinya na ua wa Nyamirambo

Kigali, mji ulioanzishwa na Mjerumani Richard Kandt mwaka 1907, umewahi kuwa na antena za aina mbili zilizotofautiana sana.

Aina ya kwanza ilikuwa juu ya kilima cha Kinyinya. Hapo ndipo Deutsche Welle, redio ya Ujerumani, ilipojenga kituo cha kupokezana matangazo kilichofanya kazi kuanzia mwaka 1965 hadi kilipofungwa tarehe 28 Machi 2015. Kilikuwa na mitambo ya masafa mafupi yenye nguvu ya kilowati 250, na minara yake ilionekana kutoka mbali. Idhaa ya Kiswahili ya redio hiyo ilikuwa imeanza tarehe 1 Februari 1963, baada ya ile ya BBC iliyoanza tarehe 27 Juni 1957 na ya Sauti ya Amerika ya mwaka 1962. Kwa hiyo, kwa miaka 50 Kigali ilikuwa mahali ambapo sauti ziliondokea kwenda sehemu nyingine za Afrika, zikiwemo sauti za Kiswahili.

Aina ya pili ilikuwa katika nyua za watu wa kawaida. Mimi nilikulia Nyamirambo, si mbali na Biryogo, mtaa ambao wakati wa ukoloni wa Kibelgiji uliitwa Camp Swahili kwa sababu ya Waislamu na wafanyabiashara wa lugha hiyo waliowekwa huko. Jirani yetu alikuwa dereva mstaafu wa malori. Alikuwa amesafiri miaka mingi kati ya Kigali, Kampala, Nairobi na Mombasa, na kama madereva wengi wa njia hiyo, alirudi na Kiswahili pamoja na mapenzi ya redio. Jioni alisikiliza Dar es Salaam, London, Cologne na Zanzibar. Cologne, akisema yeye, ilimfikia hata bila waya, kwani mitambo ilikuwa jirani. Zanzibar ilihitaji waya.

Uani kwake palikuwa na kamba mbili za kuanikia nguo, moja juu ya nyingine. Sisi watoto tulikatazwa kabisa kuigusa ile ya juu. Tulidhani ni ukali wa uzee tu.

Oktoba 1990

Tarehe 1 Oktoba 1990 vita vilianza pale jeshi la Rwandan Patriotic Front lilipoingia kutoka Uganda. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Oktoba risasi zilirindima mjini Kigali. Baadaye ilibainika kwamba lilikuwa shambulio la kuigiza lililopangwa na serikali ya wakati huo. Ulifuata msako wa nyumba kwa nyumba, na maelfu ya watu, wengi wao Watutsi, walikamatwa wakiitwa ibyitso, yaani vibaraka wa adui. Wengi walirundikwa katika uwanja wa michezo wa Nyamirambo, mwendo wa dakika chache kutoka kwetu.

Mwaka uliofuata RPF ilianzisha Redio Muhabura, iliyopewa jina la mlima wa volkano wenye mita 4,127 ulioko mpakani na Uganda. Ilitangaza kwa masafa mafupi na haikusikika vizuri kila mahali nchini, lakini wasikilizaji wake waliongezeka mwaka 1992 na 1993. Mjini Kigali watu waliisikiliza usiku, sauti ikiwa chini, milango imefungwa.

Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo ndilo kiini cha historia hii. Anayerusha matangazo anaweza kutafutwa kwa vyombo vya kupimia upande wimbi linakotoka. Anayesikiliza hatafutiki kwa urahisi hivyo, kwa kuwa redio yake hupokea tu. Kinachomsaliti ni waya. Waya mrefu kutoka juu ya paa hadi kwenye mparachichi ulikuwa ukimwambia kila mpita njia kwamba ndani ya nyumba ile kuna mtu anayesikiliza mbali. Kabla ya Oktoba 1990 hiyo ilikuwa fahari, lakini baada ya msako ule ikawa ushahidi.

Hiyo ndiyo sababu jirani yetu aliushusha waya wake kutoka kwenye paa na kuugeuza kamba ya nguo.

Mifano ya mbali

Hakuwa wa kwanza duniani. Vita Kuu ya Pili ilipoanza Septemba 1939, Uingereza ilifuta leseni za watu wa redio za ridhaa, yaani wale wanaowasiliana hewani kwa mapenzi na si kwa mshahara, na ikachukua mitambo yao. Katika visiwa vya Jersey na Guernsey vilivyotekwa na Wajerumani, redio zote zilinyang'anywa mwezi Juni 1942. Wenyeji walitengeneza vipokezi vidogo vya kioo-madini visivyohitaji umeme, na chochote kirefu cha chuma, hata springi za kitanda, kikawa antena.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Noor Inayat Khan, binti wa baba Mhindi, aliyezaliwa Moscow mwaka 1914. Mwezi Juni 1943 Waingereza walimpeleka Paris kwa siri akiwa mpelekaji wa ujumbe wa redio. Waandishi wa maisha yake husimulia kwamba siku moja alikuwa akihangaika kutundika waya wake kwenye mti, na ofisa wa Kijerumani aliyekuwa akikaa jengo hilohilo akajitolea kumsaidia, akidhani bibi huyu anataka tu kusikiliza muziki. Alikamatwa Oktoba mwaka huohuo baada ya kusalitiwa, na akauawa katika kambi ya Dachau mwezi Septemba 1944. Si waya uliomponza. Waya ulikuwa umefichwa vizuri na adui mwenyewe.

Jinsi ulivyotengenezwa

Mwaka 1998, nikiwa nimekaribia kumaliza shule ya sekondari, nilimwendea mzee yule nikamwuliza habari za kamba ya juu. Alicheka kwa muda mrefu.

“Kumbe mliijua?” aliniuliza.

“Hapana, mzee. Tulijua tu kwamba ukituona karibu nayo tunachapwa.”

“Basi kaa, mwanangu, nikuoneshe. Sasa hakuna ubaya.”

Alinionesha kila kitu, nami nakieleza hapa kama alivyonieleza.

Waya wenyewe ulikuwa wa shaba nyembamba uliovikwa plastiki ya kijani, urefu wa mita 18 hivi. Rangi ya kijani aliichagua kwa sababu kamba za nguo za madukani zilifanana nayo, na pia kwa sababu nyuma yake palikuwa na ua wa miyenzi. Ncha zote mbili hazikugusa nguzo. Kila ncha ilifungwa kwenye kipande cha jerikani la mafuta ya kupikia kilichotobolewa matundu mawili, waya ukipita tundu moja na kamba ya nailoni ya kuelekea kwenye nguzo ikipita la pili. Plastiki hiyo ndiyo iliyozuia mawimbi yaliyonaswa yasipotelee ardhini kupitia mti uliolowa mvua.

Kutoka ncha moja, waya mwingine ulishuka ukifuata bomba la maji ya mvua, ukaingia chumbani kupitia pembe ya dirisha, ambako ulionekana kama waya wa taa. Huo ulifungwa kwenye mkono wa antena wa redio kwa kibanio cha nguo. Waya wa ardhini ulikwenda kwenye fimbo ya chuma iliyozamishwa chini ya bomba, mahali penye unyevu siku zote.

Kamba ya chini ilikuwa kamba halisi, nayo ndiyo iliyobeba mashuka na suruali. Ya juu iliwekewa vitu vyepesi tu: leso, soksi, kanga moja kukuu. Sababu ni mbili. Nguo nzito huvuta waya mpaka ukakatika, na nguo mbichi zinazogusa waya hupunguza nguvu ya mawimbi. Lakini kamba isiyo na nguo kamwe ingetiliwa shaka. Kwa hiyo kila asubuhi mkewe alianika kitu, na kila jioni kabla ya taarifa ya habari alikianua. Majirani walimsifu kwa usafi.

Jinsi ulivyotunzwa

Kutengeneza ni kazi ya siku moja, ila kutunza ni kazi ya mwaka mzima. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na waya wa nje una nyufa nyingi.

Adui wa kwanza ni maji. Mahali waya mmoja unapounganishwa na mwingine, shaba hushika kutu ya kijani na sauti huanza kukwaruza. Mzee alikwangua maungio yake kwa kisu kabla ya kila msimu wa mvua, yaani Februari na tena Agosti, akayapaka nta ya mshumaa, kisha akayazungushia mpira wa tairi ya baiskeli. Adui wa pili ni jua, ambalo hukausha nailoni ikawa kama majani makavu. Kamba za nailoni alizibadilisha kila mwaka. Adui wa tatu ni upepo. Nguzo moja ilikuwa mparachichi, na mti hutikisika, kwa hiyo upande huo hakufunga fundo la moja kwa moja bali alipitisha kamba juu ya tawi na kuning'iniza jiwe. Mti ulipoyumba, jiwe lilipanda na kushuka, na waya haukukatika.

Adui wa nne ndiye mkubwa kuliko wote, na ni radi. Nchi yetu ya milima ina radi nyingi zinazoua watu na mifugo kila mwaka. Mzee hakuwa na mzaha juu ya hilo. Wingu jeusi lilipoonekana tu, hata kama mtangazaji alikuwa katikati ya habari aliyoisubiri wiki nzima, aliuchomoa waya kwenye redio na kuutupa nje ya dirisha. Nawaomba wanafunzi watakaoshawishika kujaribu waukumbuke mkono huo unaotupa waya kuliko ule unaoufunga. Wakumbuke pia kutopitisha waya juu au karibu na nyaya za umeme, kwa maana hapo hakuna kosa la pili.

Sauti isiyohitaji waya

Julai 1993 ilianza redio nyingine mjini Kigali, RTLM. Ilitangaza kwa FM, ikasikika wazi kwenye redio ndogo ya mkononi bila waya wowote, ikiwa na muziki na utani uliowavutia vijana. Kuanzia Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ilitaja watu kwa majina na mahali walipo ili wauawe. Tarehe 3 Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani waasisi wawili wa redio hiyo, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Hukumu ya rufaa ya tarehe 28 Novemba 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza adhabu, lakini watatu hao walibaki na hatia.

Tuziweke redio hizi mbili ubavu kwa ubavu. Sauti ya chuki haikumgharimu msikilizaji chochote, kwa kuwa ilimfuata kitandani. Sauti nyingine zote, iwe ya Muhabura, ya London au ya Dar es Salaam, zilimtaka awe na mita kadhaa za waya, subira ya kutafuta stesheni katikati ya mikwaruzo, na ujasiri wa kujua kwamba akigunduliwa anaweza kufa. Sisemi kwamba waya ungeyazuia yaliyotokea, kwa kuwa haukuweza. Ninachosema ni kwamba mtu mwenye sauti moja tu masikioni mwake ni rahisi kuongozwa kwenda popote, na waliotaka kuwaongoza watu walilijua hilo vizuri.

Nilimwuliza mzee kama hakuogopa. Alinijibu kwamba aliogopa kila usiku. “Lakini sikio halilali na njaa, mwanangu,” alisema. “Usipolilisha wewe, atakuja mwingine kulilisha anachotaka yeye.”

Darasani

Mwaka 2009, nikiwa mwalimu mpya baada ya masomo ya uzamili katika nchi jirani, nilipewa kufundisha stadi ya kusikiliza. Tulikuwa na kanda mbili tu, zote zimechakaa. Nikakumbuka kamba ya nguo.

Wakati huo Sauti ya Tanzania Zanzibar ilisikika jioni katika masafa mafupi, kilohezi 11,735. Niliwaeleza wanafunzi kanuni ambayo watu wa redio za ridhaa huitumia duniani kote: gawanya 143 kwa masafa yaliyoandikwa kwa megahezi, utapata urefu wa antena ya nusu wimbi kwa mita. Kwa 11.735 jibu ni mita 12 na sentimita 19 hivi. Ukikata katikati, kila upande ni kama mita 6 na sentimita 10. Tuliutundika nyuma ya mabweni, tukauficha kati ya kamba za nguo, safari hii si kwa kuogopa serikali bali kwa kuogopa wezi wa shaba.

Jioni ya kwanza ulisikika udi, kisha taarifa ya habari katika Kiunguja fasaha. Mwanafunzi mmoja wa kike kutoka Musanze aliinua mkono kama tuko darasani akasema, “Mwalimu, kumbe hata wao huvuta pumzi katikati ya sentensi!” Katika wiki moja ile, wanafunzi walijifunza mkazo na kiimbo kuliko muhula mzima wa kanda. Jambo lililonifurahisha zaidi ni kwamba walianza kulinganisha. Habari ileile waliisikia Zanzibar, wakaisikia Cologne, wakaisikia Redio Rwanda kwa Kiswahili, kisha wakauliza kwa nini kila mmoja ameanza na jambo tofauti.

Niongeze tahadhari moja. Waya wetu ulikuwa wa kusikiliza tu. Anayetaka kurusha sauti, hata kwa kuzungumza na marafiki wa redio za ridhaa, anahitaji leseni ya mamlaka ya mawasiliano ya nchi yake na alama ya wito inayotambulika kimataifa, ambayo kwa Rwanda huanza na 9X, kwa Tanzania 5H, kwa Kenya 5Z na kwa Uganda 5X. Tena waya unaorusha una umeme unaoweza kuunguza mkono, kwa hiyo si wa kuanikia soksi.

Hitimisho

Minara ya Kinyinya imenyamaza tangu 2015. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na mwanafunzi wa leo anaweza kusikia Zanzibar kwenye simu yake akiwa amelala. Hahitaji jerikani, nta wala jiwe la kuning'iniza. Ni neema, na hakuna anayetamani kurudi tulikotoka.

Hata hivyo, simu inamletea mwanafunzi wetu ile sauti aliyoizoea, na kesho inamwongezea nyingine inayofanana nayo. Haimtaki atafute. Kwa maana hiyo imekaribia zaidi redio isiyohitaji waya kuliko kamba ya mzee wa Nyamirambo. Kazi ya mwalimu wa lugha, kwa maoni yangu, ni kuurudisha waya huo kwa njia ya zoezi: habari moja, idhaa tatu, lugha mbili, na swali la kwa nini hazifanani. Nawaalika walimu wenzangu walijaribu katika muhula ujao na kutuletea matokeo.

Mzee alifariki miaka michache baada ya darasa lile la 2009. Nilipokwenda kuhani, nilipita uani. Mparachichi ulikuwa bado upo, na jiwe bado linaning'inia. Waya ulikuwa umekwisha kuondolewa, na kwenye kamba ya chini palikuwa na nguo za wageni wa msiba.